Kisanduku cha "hifadhi kadi" kije kikiwa tupu

Umechagua viatu. Umeviweka kwenye kikapu, umejaza jina, umeandika mahali utakapochukulia mzigo, kisha ukaingiza tarakimu 16 za kadi, tarehe yake ya mwisho na zile tatu za nyuma. Chini kabisa, kabla ya kitufe cha kulipa, kuna kisanduku kidogo kilichoandikwa kitu kama "hifadhi kadi hii kwa ununuzi ujao". Mara nyingi kisanduku hicho tayari kina tiki. Hujakigusa. Kuna mtu alikutilia.

Hoja yangu ni fupi. Hiyo tiki haifai kuwa hapo. Kisanduku kije tupu, na ukitaka kukijaza ukijaze mwenyewe ukijua unachokubali. Na hata ukishakijaza, duka lisiruhusiwe kukaa na nambari yenyewe ya kadi yako. Yatakayofuata ni kueleza kwa nini, na kwa nini ninayasema nikiwafikiria vijana wenzangu wa Oldonyiro kabla ya wale wa Westlands.

Lakini tuanze kwa kuacha kudanganyana kuhusu urahisi. Kila mara mjadala huu ukizuka, kuna mtaalamu wa kutuambia kwamba vijana ni wavivu, kwamba hatuwezi hata kuandika nambari kwa sekunde 30. Anayesema hivyo hajawahi kulipia kitu mtandaoni akiwa Oldonyiro. Mtandao una tabia zake huku. Unajaza kila kitu vizuri, unabonyeza lipa, benki inasema imekutumia nambari ya kuthibitisha, ile OTP, na una dakika chache tu. Meseji haiji. Unatoka nje ya nyumba, unainua simu, unazunguka. Inakuja ukurasa ukiwa umeshakufa. Unaanza upya: kadi, tarehe, tatu za nyuma. Bando linalia. Mara ya tatu benki inaona unajaribu sana na inakufungia, kwa usalama wako ati.

Kwa hivyo kwa mtu wa huku kadi iliyohifadhiwa inaweza kuwa ndiyo tofauti kati ya kupata kitu na kukikosa. Mtu yeyote anayekuja na suluhisho la usalama ambalo halijafikiria hilo, sisi hatutalitumia, na tutakuwa na haki.

Ila urahisi huo una wenyewe. Septemba 1999 Amazon ilipewa hataza nchini Marekani ya kumwezesha mteja kununua kwa mbofyo mmoja, kwa sababu duka tayari lina kadi na anwani yake. Mwezi mmoja baadaye ilikuwa mahakamani ikiwashtaki Barnes & Noble kwa kuiga. Mwaka wa 2000 Apple ilikubali kulipia leseni ili itumie mbinu hiyo. Hataza yenyewe iliisha mwaka wa 2017. Jiulize, nani anapelekana kortini kwa sababu ya mbofyo? Ni mtu anayejua kwamba kila hatua ya ziada kabla ya kulipa ni nafasi ya mteja kubadilisha nia. Ule muda unaoutumia kutafuta kadi kwenye begi ndio muda unaojiuliza kama kweli unahitaji viatu vya tatu. Duka linapokuondolea usumbufu huo, linakusaidia, sawa. Linajisaidia zaidi.

Sasa linganisha na tulivyozoea. Tangu M-Pesa ianze Machi 2007, watu wa rika langu wamekua wakijua njia moja ya pesa kutoka: wewe unaitoa. Ukinunua mtandaoni kwa Lipa na M-Pesa, kidirisha kinaruka kwenye simu yako, kina jina la biashara na kiasi, na hakuna kitu kinachosonga hadi uweke PIN. Duka linabaki na nambari yako ya simu tu. Wakidukuliwa kesho, mwizi anapata nambari ambayo hata boda wako anayo.

Kadi ni kinyume. Nambari yenyewe ndiyo ufunguo. Duka ndilo linalokwenda benki kuomba, na benki inatoa. Ukitaka kuielewa tofauti hiyo, nenda soko la mifugo pale Oldonyiro siku ya soko. Unaleta mbuzi wako mwenyewe. Dalali anamshika mgongo, anatikisa kichwa, mnabishana, mnapatana, unakabidhi mbuzi mmoja na unapokea pesa yako. Hiyo ndiyo M-Pesa. Kadi iliyohifadhiwa ni kumwambia dalali: boma langu liko pale, lango hufungwa kwa kamba hii, ukihitaji mbuzi mwingine ingia usiku ujichukulie, nitahesabu asubuhi. Huenda dalali huyo ni mtu safi kabisa. Swali ni mfanyakazi wake, na yule atakayeiba daftari alimoandika kamba zote za maboma yote.

Sisemi M-Pesa haina dosari. Ukitumia nambari isiyo sahihi unaweza kupeleka ile meseji kwa 456 na kuomba irudishwe, lakini ukishamlipa muuzaji wa Instagram na viatu visifike, mara nyingi umebaki na maombi. Hapo kadi inashinda. Sheria za Visa na Mastercard zinakuruhusu kupinga malipo kupitia benki yako, na kwa aina nyingi za malalamiko muda ni siku 120. Wakenya wengi wenye kadi hawajui haki hiyo ipo. Kwa hivyo hakuna anayekwambia uikate kadi yako kwa makasi.

Acha nikupe kisa. Kuna dada ninayemfahamu anayeuza shanga za Kisamburu kwenye Instagram: mikufu, bangili, mikanda. Kazi yenyewe inafanywa na kikundi cha kina mama. Yeye ndiye ana simu nzuri, yeye ndiye ana kadi, kwa hivyo pesa za kikundi hupitia akaunti yake. Alitaka apu ya ng'ambo ya kutengenezea mabango ya bei. Siku saba za bure, weka kadi hapa. Aliitumia siku mbili, hakuipenda, akaifuta kwenye simu.

Manze, kufuta apu na kusitisha malipo ni vitu viwili tofauti kabisa, na hakuna anayekwambia hivyo kwa sauti. Kadi ilibaki kwao. Siku ya nane walikata ada ya mwaka mzima, bila OTP wala zile tarakimu tatu, kwa sababu malipo ya kujirudia kwa kawaida hayaombi uthibitisho tena baada ya ile mara ya kwanza. Aliona meseji ya benki jioni. Akapiga simu. Ushauri aliopewa ulikuwa ule ambao wengi hupewa: tuifunge kadi hii, uombe nyingine, halafu tutaangalia malalamiko yako.

Ukiwa Nairobi, kuomba kadi nyingine ni kupita tawini ukitoka kazini. Kutoka Oldonyiro ni safari. Ajenti wa benki aliye karibu anaweza kupokea pesa na kutoa pesa, lakini kadi hachapi. Unashuka Isiolo mjini kwa barabara ya Kipsing, unalipa nauli kwenda na kurudi, unapoteza siku nzima, na ikiwa mvua imenyesha unaweza kulala huko. Unaambiwa kadi haijafika, rudi wiki ijayo. Kikundi kilikaa karibu wiki tatu bila kununua shanga. Pesa ilirudi mwishowe, nauli haikurudi. Na kabla ya pesa kurudi kulikuwa na mkutano ambapo mama mmoja aliuliza swali moja tu: nani aliruhusu? Jaribu kumweleza mama aliyesuka mkufu siku nne kwamba aliyeruhusu ni tiki.

Hilo ndilo linalonikera kwenye ushauri wa kawaida wa usalama. Unaandikwa kana kwamba hasara ni sawa kwa kila mtu. Kosa la duka la mbali linamgharimu mtu wa Kilimani simu mbili. Linamgharimu mtu wa Oldonyiro safari mbili, na wakati mwingine heshima yake kwenye chama.

Tukienda kwenye wizi wenyewe, mifano ipo na si ya vibanda. Oktoba 2013 Adobe, wale wa Photoshop, walitangaza kwamba wadukuzi walichukua taarifa za wateja milioni 2.9, pamoja na nambari za kadi zilizokuwa zimefumbwa kwa msimbo. Wateja hao hawakuwa wamefanya jambo la ajabu. Kampuni ilikuwa inaelekea kwenye malipo ya kila mwezi, na malipo ya kila mwezi yanataka kadi ikae mahali. Huku kwetu, Aprili 2023, Naivas ilitangaza hadharani kuwa imeshambuliwa na wahalifu wa mtandaoni na kwamba kuna data iliyoibwa. Simtaji Naivas kwa sababu ya kadi. Namtaja kwa sababu ya ukubwa. Kama supermaketi yenye uwezo huo inaweza kuingiwa, lile duka la mtandaoni lililotengenezwa na kijana mmoja kwa wikendi moja lina ulinzi gani?

Na hapa ninajua ninachosema, kwa sababu mimi ni mmoja wa vijana hao. Chuo niliacha mwaka wa pili, nikaanza kuandika na kutengenezea watu tovuti. Mteja mmoja, mtu mzuri tu, aliwahi kuniuliza kama tunaweza kuweka nambari za kadi za wateja kwenye jedwali la Excel ili tusiwasumbue wakirudi. Alikuwa na nia njema kabisa. Hakujua kwamba kampuni kubwa za kadi zina kanuni za pamoja, PCI DSS, zilizotoka mara ya kwanza mwaka wa 2004, na kwamba kanuni hizo zinakataza kabisa duka kuhifadhi zile tarakimu tatu za nyuma baada ya malipo kuidhinishwa, hata zikiwa zimefumbwa. Nilikataa, tukaunganisha tovuti yake na kampuni ya kupitisha malipo. Lakini nilijiuliza ni wangapi waliulizwa swali hilo na wakasema sawa, bosi.

Kuna upande mwingine ambao watu wa "usihifadhi kamwe" hawapendi kuutaja. Mwaka wa 2018 British Airways iliibiwa taarifa za kadi za wateja kwa njia tofauti: wezi walipachika msimbo kwenye tovuti yenyewe, ukawa unanakili kadi wakati mteja anaiandika. Haikujali kama ulitia tiki au hukutia. Shirika hilo lilitozwa faini ya pauni milioni 20 nchini Uingereza mwaka wa 2020. Maana yake ni kwamba kuandika kadi upya kila mara kwenye ukurasa mbovu hakukulindi, na kunaweza hata kukuweka hatarini zaidi kuliko kuihifadhi mara moja kwenye mfumo mzuri. Swali la maana ni nambari inakaa kwa nani, na ikiibwa inafaa nini.

Swali hilo lina jibu, na jibu Mkenya yeyote aliyewahi kununua stima analielewa. Unalipa, unapata tokeni ya tarakimu 20. Tokeni hiyo inafanya kazi kwenye mita yako peke yake. Jirani akiinakili akaipeleka kwake, mita yake inaikataa. Kadi nazo zinaweza kuhifadhiwa hivyo hivyo. Badala ya duka kuweka nambari yako halisi, linapewa tokeni iliyotengenezwa kwa ajili ya duka hilo na kadi hiyo. Wewe unaona nambari nne za mwisho, unabonyeza, unalipa. Mwizi akiingia dukani anaondoka na tokeni isiyofanya kazi popote pengine. Urahisi unabaki, thamani ya wizi inashuka.

India walichoka kubembeleza na kuifanya kuwa sharti. Benki kuu yao ilisema kwamba kuanzia Oktoba 1, 2022, hakuna duka wala kampuni ya kupitisha malipo itakayokaa na nambari halisi za kadi. Benki iliyoitoa kadi na mitandao ya kadi ndio pekee wanaoruhusiwa. Duka likitaka urahisi litumie tokeni, na mteja akubali kwanza. Maduka yalilalamika sana, tarehe ikaahirishwa zaidi ya mara moja, wakasema biashara itakufa. Wahindi bado wananunua mtandaoni.

Kenya tuna sheria ambayo kwa maoni yangu tayari inatosha kuanzia. Sheria ya Kulinda Data ya 2019, kifungu cha 41, inataka ulinzi ujengwe ndani ya mfumo tangu mwanzo, na mpangilio wa kawaida, yaani ule unaoukuta kabla hujagusa kitu, utumie tu data inayohitajika kwa kazi husika. Sasa niambie, kununua viatu mara moja kunahitaji kadi yako ibaki kwao hadi lini? Tiki iliyotiwa na duka inapingana na kifungu hicho waziwazi. Sheria hiyo hiyo inasema ridhaa lazima itolewe kwa hiari na kwa kitendo cha wazi cha mtu mwenyewe, na kimya cha mtu aliyekuwa akikimbizana na bando si ridhaa. Inakupa haki ya kujua data yako inatumiwaje. Data ikivuja na kuna hatari ya kweli kwa mwenyewe, kampuni ina saa 72 kumwarifu Kamishna wa Data.

Na ofisi hiyo ya Kamishna si jina tu mlangoni. Septemba 2023 iliitoza shule moja, Roma School, Sh4.55 milioni kwa kuchapisha picha za wanafunzi bila idhini ya wazazi, na klabu ya Casa Vera Sh1.85 milioni kwa picha ya mteja aliyekuwa akijiburudisha. Ni vizuri. Lakini kama picha ya msee akicheza densi ina bei hiyo, tiki inayoshika ufunguo wa akaunti yake ina bei gani? Sijasikia Kamishna akiigusa. Benki Kuu ya Kenya nayo, inayosimamia malipo, ingeweza kutoa mwongozo kama wa India bila kungoja Bunge. Wakae pamoja, waseme: kisanduku tupu, tokeni badala ya nambari, na kitufe cha kuondoa kadi kionekane kama kitufe cha kulipa kinavyoonekana. Siku hizi ukitaka kuondoa kadi unapitia kurasa tano, ya mwisho inakuuliza kama una uhakika kwa uso wa huzuni.

Wakati tunawangoja wakubwa, kuna mambo ya huku chini ambayo hakuna sheria itakayotufanyia.

Simu ni moja na watumiaji ni wengi. Inapelekwa kuchajiwa dukani, inaachwa kwa fundi na namba ya kuifungua imeandikwa kwenye karatasi, inashikwa na ndugu mdogo anayecheza Free Fire. Kadi ikiwa imehifadhiwa kwenye Play Store bila kuulizwa nywila kila ununuzi, huyo mdogo atanunua almasi za mchezo kwa pesa za mbuzi na hatakuwa ameiba, maana simu haikumuuliza kitu. Mpangilio wa kuomba nywila upo, uwashe. Ukiuza simu, ondoa akaunti zako kwanza. Ukiwa saiba na ile kompyuta ikakuuliza kama ihifadhi kadi, jibu ni hapana, hata kama mwenye saiba ni binamu yako. Na muuzaji akikuambia umtumie picha ya kadi mbele na nyuma kwa WhatsApp "ndio tukumalizie haraka", mzuie.

Angalia pia unaandika kadi kwenye ukurasa wa nani. Maduka mengi ya hapa yanakupeleka kwa kampuni ya malipo, kama Pesapal, halafu yanakurudisha. Hiyo ni dalili nzuri, duka lenyewe haliioni kadi. Likikutaka uandike kila kitu kwenye fomu yake ya kawaida, iliyo karibu na ile ya maoni ya wateja, lipa kwa M-Pesa au ondoka.

Kwa manunuzi ya ng'ambo, tangu Juni 2022 kuna M-Pesa GlobalPay ya Safaricom na Visa, kadi isiyo ya plastiki inayokaa ndani ya M-Pesa. Zile tarakimu tatu hazijaandikwa popote. Unaziomba unapotaka kulipa na baada ya muda mfupi zinakufa. Kwa mtu wa Oldonyiro uzuri wake mkubwa ni mwingine: ikiharibika, huendi Isiolo kuchukua plastiki. Ila usijidanganye, inakula kwenye salio lako la M-Pesa, kwa hivyo apu ya malipo ya kila mwezi uliyoisahau itaendelea kugonga hata huko. Oktoba 2024 Safaricom walileta M-Pesa Ratiba, ambapo malipo ya kujirudia unayapanga wewe: kiasi, siku, na lini yaishe. Hivyo ndivyo ningependa kila apu ya nje ilazimishwe kufanya.

Na kama una kadi ya benki ya kawaida, usiitumie mtandaoni ile ya akaunti inayoingia pesa za kikundi, karo au mifugo. Fungua nyingine. Iache karibu tupu, uijaze unapotaka kununua, kiasi cha kile kitu tu. Dada wa shanga sasa anafanya hivyo. Ni usumbufu? Ndiyo, kidogo, lakini ni usumbufu wa dakika mbili kwenye simu na hauhitaji gari.

Wiki iliyopita niliyaandikia maduka manne ya mtandaoni ninayonunua swali moja kwa barua pepe: nambari kamili ya kadi yangu iko wapi sasa hivi, kwenu au kwa kampuni ya malipo, na nani kati yenu anaweza kuisoma? Moja limejibu siku iliyofuata, kwa sentensi mbili, kwamba wao wana tokeni na nambari nne za mwisho. Jingine limenitumia kuponi ya punguzo la asilimia kumi. Mawili bado nangoja.